Jinsi pointi 12 zinavyomvua dereva leseni Uingereza

Na Mwandishi Wetu

MEI 9, 2019, David Beckham, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya England, alitoka katika mahakama ya Bromley, kusini mashariki mwa London, akiwa amefungiwa leseni ya udereva kwa miezi sita. Hakuwa amegonga mtu. Hakuwa amelewa, wala gari lake halikuwa katika mwendo wa kutisha. Lilikuwa kwenye foleni iliyosogea taratibu katikati ya jiji, Novemba 21, 2018, mpita njia mmoja alipomwona nyota huyo akiwa ameshika simu nyuma ya usukani. Beckham alikiri kosa na kutozwa faini ya pauni 750, fedha ambazo kwa mtu wa kipato chake hazina uzito wowote. Kilichomwangusha ni hesabu.

Kwa kosa hilo la simu aliongezewa pointi sita. Katika kumbukumbu zake tayari kulikuwa na pointi nyingine sita zilizotokana na mwendo kasi. Sita na sita ni 12, na nchini Uingereza dereva anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu hufungiwa leseni. Mashabiki wa Ligi Kuu ya England, ambao hapa Dar es Salaam hawana idadi, wamezoea kuona pointi zikimpandisha mtu juu ya msimamo. Hizi zinafanya kazi ya kumshusha.

Utaratibu huo unastahili kueleweka hapa nyumbani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Watanzania na Wakenya wengi wana ndugu wanaoishi Uingereza, na si wachache kati ya ndugu hao ambao riziki yao inategemea leseni: madereva wa teksi, wasambazaji wa vifurushi, na wale wanaozunguka nyumba hadi nyumba kuwahudumia wazee na wagonjwa. Ya pili ni mjadala wetu wenyewe, unaofufuka kila basi linapopinduka, juu ya adhabu gani hasa inaweza kumrekebisha dereva sugu.

Fikra ya kuhesabu makosa ya dereva si ngeni huko. Sheria ya Barabarani ya mwaka 1962 iliagiza kwamba mtu aliyeandikiwa makosa matatu kwenye leseni yake ndani ya miaka mitatu afungiwe kwa miezi sita. Udhaifu wa sheria hiyo ulikuwa dhahiri: makosa yote yalihesabiwa sawa. Aliyezidisha mwendo kidogo na aliyeendesha hovyo kiasi cha kuhatarisha maisha ya wenzake, kila mmoja aliandikiwa kosa moja. Sheria ya Usafiri ya mwaka 1981 ndiyo iliyorekebisha kasoro hiyo, na tangu Novemba 1982 kila kosa limepewa uzito wake kwa pointi. Hivi sasa utaratibu wenyewe umo katika sheria ya mwaka 1988 inayohusu wakosaji wa barabarani, ambayo inatumika England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina sheria zake.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kupita kwenye taa nyekundu ni pointi tatu. Kuzidisha mwendo ni kati ya tatu na sita, kutegemea dereva amezidisha kwa kiasi gani. Kuendesha bila uangalifu ni kati ya tatu na tisa. Kuendesha gari bila bima ni kati ya sita na nane, na anayesababisha ajali kisha akakimbia anaweza kupata kuanzia tano hadi 10. Simu ya mkononi zamani ilikuwa pointi tatu tu, lakini tangu Machi 1, 2017 zimekuwa sita, pamoja na faini ya pauni 200. Badiliko hilo la mwaka 2017 ndilo lililomkuta Beckham. Kwa kipimo cha zamani angetoka mahakamani na pointi tisa na leseni yake mfukoni.

Ikumbukwe kwamba yapo makosa yasiyosubiri hesabu yoyote. Dereva anayekutwa na zaidi ya miligramu 80 za kileo katika kila mililita 100 za damu (Scotland ni 50 tangu Desemba 2014) hufungiwa leseni kwa kosa la kwanza, kwa muda usiopungua miezi 12. Akirudia ndani ya miaka 10, muda huo unakuwa si chini ya miaka mitatu. Hapa pia ulimwengu wa soka umetoa mifano ya kutosha: Yaya Touré alifungiwa miezi 18 mwaka 2016, Wayne Rooney miaka miwili mwaka 2017, na kipa Hugo Lloris miezi 20 mwaka 2018. Hao hawakuwa na haja ya kufikisha pointi 12. Vivyo hivyo anayepatikana na hatia ya kuendesha kwa namna ya hatari: mwaka mmoja kwa uchache, na kabla ya kurudishiwa leseni lazima afanye mtihani mpya ulio mrefu kuliko ule wa kawaida. Akiwa ameua, adhabu ya juu kabisa tangu Juni 2022 ni kifungo cha maisha.

Lakini mtu anayepoteza leseni kwa pointi kwa kawaida hafanani na walevi hao. Mara nyingi kosa linalomfikisha mahakamani ni dogo, tena la aina ambayo wengi wetu tungelicheka. Julai 2025, mwigizaji Emma Watson, anayefahamika kwa filamu za Harry Potter, alifungiwa miezi sita kwa sababu gari lake lilinaswa jijini Oxford likienda maili 38 kwa saa mahali panaporuhusiwa maili 30. Ni tofauti ya kilomita zipatazo 13 kwa saa. Kosa lenyewe lilikuwa la pointi tatu, ila yeye alikuwa nazo tisa tayari.

Namna pointi zinavyomfikia mtu ni jambo linalohitaji maelezo, kwa kuwa huko mara nyingi dereva hasimamishwi na askari. Kamera ya pembeni mwa barabara hupiga picha ya gari na namba yake. Polisi hutafuta jina la mmiliki aliyesajiliwa na kumpelekea taarifa ya kusudio la kumshitaki, ambayo ni lazima imfikie ndani ya siku 14. Mmiliki naye ana siku 28 za kujibu swali moja: nani alikuwa akiendesha? Kunyamaza hakusaidii, maana kukataa kumtaja dereva ni kosa jingine, nalo lina pointi sita.

Aliyezidisha mwendo kidogo tu, na ambaye hajapewa nafasi hiyo ndani ya miaka mitatu iliyopita, anaweza kuruhusiwa kuhudhuria darasa la saa chache kwa gharama yake mwenyewe, na kosa likaishia hapo bila pointi. Vinginevyo hulipa faini ya pauni 100 na kuandikiwa pointi tatu bila kufika mahakamani. Njia hiyo fupi hufungwa pale pointi hizo mpya zinapomfikisha kwenye 12. Polisi hawana uwezo wa kumfungia mtu leseni. Mwenye uwezo huo ni mahakama. Ndiyo maana mtu mwenye pointi tisa aliyenaswa kwa mwendo ambao jirani yake angeulipia kwa njia ya posta hujikuta amesimama mbele ya mahakimu.

Masharti ya tarehe nayo yana wenyewe. Januari 2018 gari la Beckham lilipimwa likienda maili 59 mahali pa maili 40, lakini taarifa ya kusudio la kushitaki ilionekana kufika siku moja baada ya zile 14 kwisha. Wakili wake, Nick Freeman, ambaye magazeti ya huko yamempa jina la utani la Bwana Mwanya, aliijenga kesi juu ya siku hiyo moja, na Septemba mwaka huo mahakama ikamwachia mteja wake. Si kosa la wakili kuijua sheria. Ila ni vigumu kuamini kwamba msambaza vifurushi aliyeko Birmingham angekuwa na fedha za kumlipa mtu wa kumhesabia siku kwa uangalifu wa namna hiyo.

Wapo waliojaribu kukwepa hesabu kwa njia nyingine. Machi 2003, gari la Chris Huhne, wakati huo mbunge wa Bunge la Ulaya, lilinaswa na kamera katika barabara kuu ya M11 likizidisha mwendo. Huhne alikuwa na pointi tisa. Taarifa ilipofika nyumbani, ilijibiwa kwamba aliyekuwa akiendesha ni mkewe, Vicky Pryce, mchumi mwenye jina kubwa. Pointi tatu zikaandikwa kwa mke, na leseni ya mume ikanusurika. Haikunusurika kwa muda mrefu: mwaka huohuo alikamatwa tena, safari hii akitumia simu, na akafungiwa.

Mambo yangeishia hapo kama ndoa isingevunjika. Baada ya wawili hao kuachana mwaka 2010, siri ile ya usukani ikatoka nje. Huhne, ambaye sasa alikuwa waziri wa nishati, alijiuzulu Februari 2012 aliposhitakiwa, na Machi 11, 2013 yeye na aliyekuwa mkewe walihukumiwa kifungo cha miezi minane jela kila mmoja kwa kosa la kupotosha mwenendo wa haki. Waziri alianguka kwa pointi tatu za miaka 10 nyuma. Kwa mwajiri, kwa ndugu na kwa mke ujumbe ulikuwa mmoja: faini mtu anaweza kukulipia, lakini pointi hawezi kukubebea.

Dereva aliyefikisha 12 hufungiwa kwa muda usiopungua miezi sita. Ikiwa katika miaka mitatu iliyotangulia aliwahi kufungiwa kwa siku 56 au zaidi, muda unakuwa si chini ya mwaka mmoja, na kama ni mara mbili au zaidi, miaka miwili. Mahakama haina hiari ya kupunguza, isipokuwa kwa mlango mmoja mwembamba ambao sheria imeuacha wazi. Mlango huo unaitwa shida ya kipekee.

Wanaosikiliza maombi hayo kwa sehemu kubwa ni mahakimu wa kujitolea, raia wa kawaida wasiolipwa mshahara, ambao hukaa wawili au watatu pamoja na kusaidiwa na mwanasheria. Mwongozo wanaopewa hauna maneno ya kubembeleza. Unawaambia kwamba karibu kila anayefungiwa leseni hupata shida, yeye na familia yake, na kwamba shida hiyo ni sehemu ya adhabu iliyokusudiwa. Kupoteza kazi peke yake hakutoshi. Mwombaji lazima aape na kutoa ushahidi, na mahakimu wanatakiwa kujiuliza kama hana njia nyingine ya usafiri. Kinachoangaliwa zaidi ni watu wasio na hatia watakaoumia: mzazi mgonjwa asiye na mwingine wa kumpeleka hospitali, au wafanyakazi watakaokosa ajira kwa sababu mwajiri wao hawezi tena kuendesha. Sababu iliyokubaliwa mara moja haiwezi kutumiwa tena ndani ya miaka mitatu.

Pamoja na ukali huo wa maneno, takwimu za Wakala wa Leseni za Madereva na Magari, DVLA, zimeonyesha mara kwa mara kwamba maelfu ya watu wenye pointi 12 au zaidi wanaendelea kuendesha kwa halali. Wengi wao ni waliohurumiwa.

Huruma hiyo imewahi kuwa na bei. Mwaka 2015, dereva mmoja wa gari dogo la mizigo, aliyekwisha kutiwa hatiani mara sita kwa kutumia simu akiendesha, aliwaomba mahakimu wasimnyang'anye leseni kwa kuwa angepoteza kazi. Walimsikiliza. Wiki chache baadaye, Agosti mwaka huo, akiwa kwenye barabara ya A31 katika jimbo la Hampshire, aliandika ujumbe wa simu huku gari likienda na kumgonga kwa nyuma mwendesha baiskeli, ambaye alifariki dunia. Mwaka 2016 dereva huyo alihukumiwa kifungo cha miaka tisa. Familia ya marehemu ilikuwa na haki ya kuuliza swali ambalo halikuwa na jibu la kuridhisha: kama mara sita hazitoshi, zinatosha ngapi?

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba mahakimu wale walikuwa wakatili au wazembe. Walimwona mtu mmoja aliye mbele yao, mwenye kazi na madeni. Yule ambaye angekufa hakuwapo chumbani, wala hakuna aliyelijua jina lake. Pointi zilibuniwa hasa kwa ajili ya udhaifu huu wa kibinadamu, yaani kuamua mapema, kabla ya machozi, ni mara ngapi zinatosha. Kila msamaha unaotolewa unarudisha uamuzi mahali pale palipoonekana hapafai.

Sasa tuwarudie ndugu zetu walioko huko, maana kwao hesabu si ya 12.

Mtanzania au Mkenya anayehamia Uingereza anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12 tangu alipoanza kuishi huko. Tofauti na leseni za nchi kama Afrika Kusini na Zimbabwe, leseni ya Tanzania au Kenya haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Miezi hiyo ikiisha, mhusika lazima achukue leseni ya mwanafunzi, afanye mtihani wa nadharia na kisha wa barabarani, hata kama ameendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi kwa miaka 20. Kosa analofanya ndani ya miezi hiyo 12 pia halipotei: DVLA humfungulia kumbukumbu kwa jina lake na kumwandikia pointi, ingawa hana leseni yao.

Siku anapofaulu mtihani, sheria ya mwaka 1995 ya madereva wapya inaanza kumhusu. Sheria hiyo inasema kwamba dereva akifikisha pointi sita katika miaka miwili ya kwanza baada ya kufaulu, leseni yake inafutwa. Uzoefu alioupata nje hauhesabiwi, kwa sababu mtihani wake wa kwanza unaotambuliwa ni ule wa Uingereza. Ikumbukwe pia kwamba kufutiwa ni tofauti na kufungiwa. Hakuna hakimu wa kuombwa, na hakuna shida ya kipekee ya kuelezwa; DVLA wanatuma barua, na mtu anarudi kuwa mwanafunzi, kuanzia mtihani wa nadharia.

Pointi sita, kama tulivyoona, ni simu moja. Aidha ni safari moja bila bima, na hapa ndipo wageni wengi wanapoangukia. Sisi tumezoea kwamba bima inakwenda na gari: stika ikiwa hai, shemeji akiazima gari kwenda msibani Morogoro hakuna anayemuuliza zaidi ya leseni. Bima za Uingereza kwa kawaida huandikwa kwa majina ya madereva. Gari la kaka linaweza kuwa na bima kamili, na mdogo wake akiliendesha hadi dukani akawa anaendesha bila bima, kwa sababu jina lake halimo katika mkataba. Kamera za polisi husoma namba za magari na kuzilinganisha na kumbukumbu za bima. Anayesimamishwa huweza kunyang'anywa gari papo hapo, na pointi hazipungui sita. Kwa mtu aliyefaulu mtihani mwezi uliopita, hiyo ndiyo leseni nzima. Kwa anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee vijijini, ambako basi hupita mara chache kwa siku, leseni ikienda, kazi inakuwa mashakani.

Vipi kuhusu sisi? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaipa mahakama uwezo wa kumfungia au kumfutia leseni dereva aliyetiwa hatiani, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba meno hayapo. Lakini uzoefu wa kila siku wa dereva wa Tanzania ni faini ya papo kwa papo ya Sh30,000, ambayo mwaka 2021 ilipunguzwa kuwa Sh10,000 kwa bodaboda na bajaji. Kiasi ni kilekile kwa aliyekosea leo kwa mara ya kwanza na kwa aliyekosea mara ya 10. Mwenye gari la kifahari hulipa bila kusitisha mazungumzo yake ya simu. Dereva wa basi aliyeagizwa na tajiri wake kuwahi foleni ya abiria mara nyingi hulipiwa na tajiri huyohuyo, faini ikawa sehemu ya gharama za safari kama mafuta na matairi. Katika hali hiyo ni nani hasa aliyeadhibiwa?

Pointi zingemfikia dereva mwenyewe, na zingemfikia tajiri na maskini kwa kipimo kimoja. Hilo ndilo jema lake kubwa. Hata hivyo, mwenye kuutamani utaratibu huo hana budi kutazama upande wa pili wa shilingi. Pointi huandikwa kwa kuaminika pale picha ya kamera inapopita moja kwa moja kwenye kompyuta bila kukutana na mkono wa mtu njiani. Pale dereva na askari wanaposimama wawili chini ya mwembe, uzito wa adhabu unapanda na thamani ya "kuelewana" inapanda nayo. Mwenye pointi tisa yuko tayari kutoa zaidi, kwani anachokinunua si Sh30,000 tena bali miezi sita ya ajira. Nchi inayotaka kuhesabu makosa ya madereva inalazimika kwanza kuhakikisha kwamba kila kosa linaandikwa, na linaandikwa kwa jina la aliyelitenda. Namba ya gari haitoshi, kama kisa cha Huhne kilivyoonyesha hata katika nchi yenye kumbukumbu za miaka mingi.

Na baada ya adhabu? Anayekaidi na kuendesha akiwa amefungiwa anaweza kupelekwa jela hadi miezi sita katika England na Wales, na bima yoyote aliyonayo haimsaidii. Akiua mtu katika hali hiyo, kifungo kinaweza kufika miaka 10.

Kwa anayetii, muda ukimalizika pointi zilizomfikisha kwenye 12 hazihesabiwi tena, naye huanza upya. Leseni hairudi yenyewe, bali lazima aiombe DVLA na kuilipia, na hawezi kuingia barabarani kwa sababu tu siku zimekwisha. Aliyefungiwa kwa ulevi uliokithiri, au kwa kurudia, hupimwa kwanza na daktari. Kumbukumbu ya makosa mengi hubaki kwa miaka minne, na ile ya pombe hubaki kwa miaka 11. Tangu Juni 2015 pointi haziandikwi tena kwenye karatasi iliyokuwa ikiambatana na leseni, hivyo mtu anaweza kuonyesha kadi safi isiyo na doa. Waajiri wanalijua hilo. Humtaka mwombaji wa kazi aingie kwenye mtandao wa DVLA na kuwapa namba ya siri inayodumu siku 21, ambayo huwafungulia orodha yote ya makosa yake. Kampuni za bima nazo huuliza habari za miaka mitano iliyopita, na bei ya bima kwa mtu aliyewahi kufungiwa huweza kupanda hadi ikazidi thamani ya gari analotaka kulikatia.